Damu ya Ng'ombe, Moyo wa Mama Mkwe

Mkuyuni, Mwanza
3 Machi 2024

Mama yangu mkwe, Bibi Dorotea,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu. Sisi hatujambo. Evelina anakusalimu, na mjukuu wako Queen ameanza kung'oka meno, anajivunia mapengo utadhani ni vyeo.

Najua unashangaa mkwe kukuandikia barua siku hizi za simu. Nilikupigia zaidi ya mara moja. Simu inapokelewa, nasikia kuku, nasikia redio, kisha kimya. Evelina ndiye aliyenieleza kwamba kwenu sauti ya mama mkwe ina heshima yake, sawa na uso. Sisi Wahaya nasi tunawaheshimu wakwe zetu, ila kwenye simu huwa tunaiibia desturi kidogo. Basi naandika, na Chenge, kondakta wa basi la Sengerema, ataivusha barua kwenye kivuko cha Kamanga.

Mama, uvimbe ulio kwenye utumbo wako unavuja damu kidogo kidogo, ndiyo maana unachoka hivyo. Dkt. Bernadetta, atakayekupasua, anasema ukitolewa mapema utapona. Kikwazo ni damu ya kukuongezea. Damu ulizowekewa zamani ulipokuwa ukijifungua ziliufundisha mwili wako kukataa damu za watu wengine. Maabara wamejaribu chupa baada ya chupa, na zote mwili wako unazipiga vita. Mimi ni daktari wa usingizi. Siwezi kukulaza mezani bila kitu cha kukuongezea pembeni.

Lakini kipo kitu. Kuna dawa inayotengenezwa kwa damu ya ng'ombe. Wanazipasua zile chembe nyekundu, wanatoa hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa mwilini, wanaisafisha mpaka haina kundi la damu tena. Haihitaji friji. Haiulizi inaingia kwa nani. Mara ya kwanza niliposoma habari zake nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta pumzi, maana nilikuwa nimesahau kuvuta. Nimeomba kibali ije kutoka Afrika Kusini kwa ajili yako. Naomba na ruhusa yako.

Mkweo,
Jovinary Rutashobya

*

Sengerema
9 Machi 2024

Baba Queen,

Marahaba. Barua nimeipata. Nimeisoma kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma upya.

Kuhusu simu usinilaumu. Ukipiga huwa naipokea, naiweka mezani, naitazama mpaka inyamaze. Hata marehemu mume wangu, mama yangu akimwona anakuja alikuwa akikimbia kupitia nyuma ya nyumba mpaka kwenye mihogo. Ndivyo tulivyolelewa. Karatasi haina macho, kwa hiyo hapa naweza kusema.

Sasa hayo ya ng'ombe. Nimefuga ng'ombe tangu sijajua kufunga kanga. Nimewakamua, nimewazalisha, na wakifa nimewalilia. Nimekula nyama yao, nimelalia ngozi zao, samadi yao imekuza mihogo iliyowasomesha wanangu, na wewe mwenyewe ulipomtaka Evelina ulikuja na ng'ombe. Nilidhani wameshatupa kila walichonacho. Kumbe ndani yao kuna hewa ya kunipumulia mimi! Jioni niliingia zizini nikamshika shingo yule mweupe wa madoa, nikamtazama kwa adabu ambayo sijawahi kumtazama nayo. Yeye alijitafunia tu.

Ila wataalamu wako wamesahau jambo moja. Hawakusema rangi. Ni mweusi? Ni mwekundu? Ana baka usoni? Sisi mnyama hawezi kuingia nyumbani tusijue rangi yake, na huyu anaingia mwilini. Waulize.

Ruhusa nimekupa. Kaka yangu Maige naye amekubali. Chenge anakuletea michembe ya viazi vitamu, msichanganye na senene zenu.

Mama mkwe wako,
Dorotea

*

Mkuyuni, Mwanza
16 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nimewaandikia kuuliza rangi. Wamejibu kwa heshima kwamba ni ng'ombe wengi, damu zao zimechanganywa, hawana kumbukumbu ya rangi. Nadhani walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwahi kufikiri kwamba ni wanyama waliokuwa wanakula majani mahali fulani.

Dawa imefika. Ni nyeusi inayoelekea zambarau, na ukiitikisa kwenye mwanga inaonekana nyekundu kwa ndani. Wauguzi wamepita mmoja mmoja kuitazama. Paskazia, muuguzi wetu wa siku nyingi, aliigusa kwa kidole kimoja akafanya ishara ya msalaba. Nami nimekuwa nikitafuta visingizio vya kupita kabatini.

Lakini lazima nikuambie na ubaya wake, kwa sababu mwili ni wako. Hemoglobini ikiwa ndani ya chembe yake ni mtumishi mwema. Ikitolewa ikaachwa huru, ina tabia mbaya. Kuta za mishipa yetu hutoa gesi fulani inayoiambia mishipa ilegee, damu ipite. Hemoglobini huru huifyonza gesi hiyo. Mishipa inabana, presha inapanda. Dawa za aina hii zilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi, waliowekewa walipata mshtuko wa moyo zaidi kuliko wasiowekewa, na wengine walikufa. Ndiyo maana nchi nyingi zimezikataa, na sisi tumepewa kwa kibali cha mgonjwa mmoja asiye na njia nyingine.

Kwa mtu mwenye moyo mzima, naweza kuthubutu. Kwa mwenye moyo wenye shida ni hatari kubwa. Ulipolazwa huku Februari, kipimo cha moyo ulichopimwa ukiwa umelala kilikuwa safi, na Dkt. Bernadetta alipokuuliza kama kifua hukubana ukifanya kazi, ulisema hapana. Hiyo "hapana" yako ndiyo ninayoiegemea. Tukupasue wiki ya pili baada ya Pasaka.

Mkweo,
Jovinary

*

Sengerema
22 Machi 2024

Baba Queen,

Marahaba. Barua yako imenikalisha siku nzima. Sikulima, sikupika. Rose jirani alikuja kuniuliza kama kuna msiba.

Sijui niandike vipi jambo hili. Naandika huku nimegeuza uso, kama vile utaniona.

Siku ile daktari Bernadetta aliponiuliza habari za kifua, pazia lilikuwa limevutwa. Najua ulijificha nyuma yake kwa heshima, na nilikushukuru moyoni. Lakini pazia la hospitali ni fupi, baba. Niliona viatu vyako. Mama mkwe atasemaje mambo ya kifua chake, tena kwa sauti, viatu vya mkwe vimesimama pale? Ningeulizwa kama nina kifua ningesema sina! Nikasema hapana, daktari akaandika, viatu vikaondoka, nikashusha pumzi.

Sasa wewe unasema unaegemea neno hilo.

Haya. Tangu mwaka jana, nikipanda kutoka kisimani na ndoo, kuna kitu kinanikalia kifuani, kizito. Kinateremka mkono wa kushoto mpaka kidoleni. Naweka ndoo chini, najifanya natazama ziwa, kinaondoka. Wapita njia wanadhani napenda sana ziwa. Nilijua ni uzee na ule upungufu wa damu. Je, ndicho ulichokuwa unauliza?

Nimeona haya kuandika haya yote. Ukishasoma, uichome.

Dorotea

*

Mwanza
24 Machi 2024

Mama,

Ndicho. Usichote maji. Usibebe chochote, usipande mlima wowote. Evelina anakuja kukuchukua na gari kesho asubuhi, usibishane naye. Upasuaji umesimama.

Jovinary

*

Sengerema
14 Aprili 2024

Ndugu daktari,

Nimerudi nyumbani salama. Mmenitembeza kwenye korido yenu na nyaya kifuani, mmeniangalia moyo kwenye televisheni, mmenipa vidonge, mmenichoma sindano za madini ya chuma, mmeniambia nikapumzike. Wewe sikukuona, wala hata viatu. Evelina ananiambia zile chupa za ng'ombe zimefungiwa kabatini na hazitatumika kwangu.

Nimeelewa. Niliposema hapana, dawa ilikuwepo. Niliposema la kifuani, dawa ikaondoka na wewe ukaondoka. Mama yangu alinionya kwamba ukimvulia mkwe nguo hatakutazama tena, na mimi nimejivua kwa kalamu. Siulizi kitu. Uvimbe unaendelea kuvuja, nami nasali. Nilikuwa nimeshaanza kumzoea yule ng'ombe.

Dorotea wa Sengerema

*

Mkuyuni, Mwanza
18 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenichoma, na nilistahili. Nilijificha kwa sababu nilijua umeona haya, nikadhani nikikaa mbali nitakupunguzia. Kumbe nimekuongezea. Nisamehe. Hukujivua chochote. Umeokoa maisha yako kwa mkono wako mwenyewe, na mimi umeniokoa nisikuue kwa mkono wangu.

Sikiliza nilichokiona. Nilikuwa chumba cha pili siku ile, naangalia picha ya moyo wako kwenye kioo cha mashine. Nimeangalia mioyo mingi, Mama, mazoea ya kazi hunifanya nizitazame namba tu. Siku hiyo niliutazama wenyewe. Umekuwa ukipiga tangu hujazaliwa, hujawahi kuuambia upumzike, na mke wangu alipokuwa tumboni mwako alilelewa karibu na sauti yake. Nilisikia macho yananichoma.

Moyo umejaa damu, lakini haujilishi kwa hiyo iliyomo. Ni kama mpishi asiyeonja chungu, anayengoja sahani yake iletwe. Sahani yake huletwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Mishipa yako hiyo imekuwa myembamba. Ulipotembea koridoni, sehemu moja ya moyo ilibaki nyuma ya wenzake, kama anayechechemea. Sasa mtu mwenye moyo kama huo nimwekee dawa inayobana mishipa? Ng'ombe wetu angekupa hewa mwilini mwote na kuufunga mlango wa moyo wakati huohuo. Mimi nilikuwa nimeitamani dawa ile mpaka nikaacha kuiogopa. Ndiyo maana imefungiwa.

Kuna jambo jingine, na nimezunguka sana kabla ya kuliandika. Sindano za chuma zimepandisha damu yako. Dkt. Bernadetta anasema ikipanda tena kidogo, na ikiwepo angalau chupa moja inayokubaliana nawe, atakupasua. Kwa hiyo maabara waliita wafanyakazi wa hospitali wapimwe. Nilipanga foleni nikitaniana na wenzangu. Nestory wa maabara alichanganya tone langu na lako, akalitikisa, akalipeleka kwenye mwanga, akaniita. Wote waliotangulia, damu zilikuwa zimegandamana kama maziwa yaliyoharibika. Yangu na yako zilikuwa zimetulia. Akarudia kwa njia nyingine. Zikatulia.

Chupa ya damu haiandikwi jina la aliyeitoa. Ningeweza kunyamaza, ukawekewa ukapona. Lakini najua jambo hili ni zito kwenu, na kwa yale ya pazia nimejifunza. Mama, damu ni yangu. Unaikubali?

Mkweo,
Jovinary

*

Sengerema
11 Mei 2024

Baba Queen,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi kwanza niwaulize watu.

Hasira zimekwisha. Ulipoandika kuhusu moyo unaongoja sahani yake nililia, kisha nikajicheka, maana na mimi maisha yangu yote nimekula wa mwisho.

Lakini hilo la damu lilininyima raha. Damu ni undugu. Mwanangu Evelina ametoka kwenye damu yangu. Yako ikiingia kwangu, wewe na yeye mtakuwa nini? Ndugu? Na Queen atakuwa mtoto wa nani? Nilimuuliza Rose akakimbilia kucheka, nikamfukuza. Nilikwenda kwa padre, akasema Mungu hana neno na damu. Sikuridhika, padre hana mkwe.

Nikaenda kwa kaka Maige. Aliweka uji wake chini, ukapoa. Akaniambia, "Dorotea, ulikubali kuwekewa damu ya ng'ombe usiyemjua rangi, wala hukuuliza kama utazaa ndama. Huyu kijana unamjua. Umemlisha. Leo ndiyo unauliza undugu?" Nikasema lakini heshima, kaka. Akasema heshima ni ya kuwalinda watu, wakianza kufa kwa ajili yake imeshakuwa kitu kingine. Akanywa uji wake wa baridi.

Usiku ule sikuogopa tena. Nilishangaa tu. Katika watu wote waliopanga foleni, mwili wangu, uliokataa kila mtu, ukachagua aliyekatazwa hata kuniona usoni. Haukuniuliza desturi. Bukoba na Sengerema, ndizi na ugali wa muhogo, wapi na wapi, na bado ndani huko damu zetu zilikuwa zimeshafahamiana. Nani alipanga hayo kabla sisi hatujajuana? Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie, na hapa nyumbani niko peke yangu.

Nakubali. Ila siku hiyo nifunikwe uso mpaka nilale. Hilo usininyime.

Mama mkwe wako,
Dorotea

*

Hospitalini, Mwanza
12 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na pole. Paskazia atakupa karatasi hii. Umeamka, uvimbe umetoka wote, na Dkt. Bernadetta ameimba mpaka kwenye korido, naye hajui kuimba.

Nilikufunika kanga usoni kama ulivyotaka. Ulipolala nikaifunua, kwa sababu mgonjwa aliyelala ni lazima nimtazame usoni kila dakika, ndiyo kazi yangu. Nimekutazama asubuhi nzima. Sasa umeamka na ruhusa yangu imekwisha, kwa hiyo naandika tena.

Unastahili kujua kilichotokea. Katikati ya kazi, mshipa mmoja uliponyoka na damu ikatoka nyingi kwa ghafla. Presha ikashuka. Kwenye kioo, ule mstari wa moyo wako ukaanza kulegea, kama ulivyofanya koridoni. Moyo ulikuwa na njaa. Bernadetta akasema bila kuinua kichwa, "Ng'ombe yupo. Afunguliwe?" Tulikuwa tumeiweka dawa chumbani kwa ajili ya saa ambayo kusingekuwa na kingine kabisa. Na mkono wangu, Mama, ulikuwa umeshafika juu yake. Ingepandisha presha mara moja. Namba zote kwenye kioo zingependeza, na mishipa midogo ya moyo ingejifunga nyuma ya namba nzuri.

Nikasema hapana. Nikatundika ile chupa moja. Ilikuwa ya baridi, nikaikumbatia kwanza kwenye kwapa ipate joto kidogo, nikaiminya kwa mikono. Nikaona damu yangu inashuka kwenye mpira, inaingia mkononi mwako. Nimeweka damu kwa watu tangu nikiwa mwanafunzi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mstari ulikaa vilevile kwa muda ambao siwezi kuueleza. Halafu ukainuka kidogo. Ukainuka tena. Moyo wako ulikuwa unakula.

Nilimwomba Mungu kwa Kihaya, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Nimesimama hapa mlangoni. Nangoja tu kusikia unaendeleaje, kisha nitaondoka.

Mkweo,
Jovinary

*

Wodini
12 Juni 2024

Baba Queen,

Mwandiko utausamehe, naandika nimelala. Paskazia ameshika ubao chini ya karatasi, na amekataza nisiandike mengi.

Niko hai. Kidonda kinauma kama kawaida ya kidonda. Kifua hakiumi. Naandika neno kifua waziwazi, unaona.

Tangu niamke nimeweka kiganja hapa nasikiliza. Unapiga. Kila moyo unapopiga, unasukuma damu yako na yangu pamoja, kwenda mpaka vidoleni na kurudi, na sijui ipi ni ipi. Nimemwuliza Paskazia kama zitatengana baadaye. Amesema hazitengani.

Basi ninakuficha nini mimi? Kilicho chako kimeshapita kila chumba changu, kimeona kila kitu, na hakikunidharau. Mama yangu aliyekimbilia mihogoni anisamehe, hakukutana na jambo hili.

Nimemwambia Paskazia asogeze kiti huku, upande wa uso wangu, na hiyo kanga aipeleke kwa dobi. Naisikia pumzi yako hapo mlangoni.

Ingia, mwanangu.

Mama yako,
Dorotea